Mdhamini wa wakfu ni nani hasa?

Neno mdhamini lina kazi nyingi. Mahakamani ni yule aliyeshika barua ya mtendaji wa mtaa na nakala ya kitambulisho, akisubiri kuitwa asaini bondi ili ndugu yake arudi nyumbani. Kwenye jezi ya timu ni kampuni iliyolipa. Kwenye wakfu, yaani taasisi inayoendesha mali iliyotolewa kwa manufaa ya watu, ni jambo tofauti kabisa, na hapa wengi huchanganya: hudhani mdhamini ndiye mwenye pesa.

Mwenye pesa ni mfadhili, naye akishatoa, mali si yake tena. Wadhamini hukabidhiwa waitunze na kuitumia kwa lengo lililoandikwa. Ndiyo maana Tanzania hati ya kiwanja cha taasisi ya dini huandikwa jina la "Wadhamini Waliosajiliwa", usajili unaofanywa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Hakuna mdhamini anayeweza kuwarithisha wanawe kiwanja hicho. Watu wa pwani wanalijua hili tangu zamani. Msimamizi wa wakfu wa msikiti akiuza nazi za wakfu na kutia fedha mfukoni, huitwa aliyekula amana, na jina hilo halimtoki. Kazi za kila siku, za kuajiri na kulipa, ni za mkurugenzi mtendaji, ambaye hutoa hesabu kwa wadhamini.

Ugumu huja mwanzilishi anapokuwa bado hai na ndiye mwenyekiti. Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan, alianzisha Celtel mwaka 1998, ule mtandao ambao wengi wetu tulikwangua vocha zake kabla haujaitwa Zain, kisha Airtel. Uliuzwa mwaka 2005 kwa dola bilioni 3.4, na mwaka 2006 akaanzisha wakfu wenye jina lake kwa ajili ya uongozi na utawala bora Afrika. Bodi akaiongoza mwenyewe. Mkurugenzi mtendaji wa kwanza akawa binti yake, Hadeel. Ni haki mtu kuuliza: nani atamwambia hapana?

Kwenye tuzo ambayo wakfu huo huwapa viongozi wa Afrika, jibu ni kamati huru ya kuchagua mshindi. Iliongozwa kwanza na Kofi Annan, katibu mkuu wa zamani wa Umoja wa Mataifa, baadaye na Salim Ahmed Salim wetu, waziri mkuu wa zamani wa Tanzania. Anayestahili ni rais au waziri mkuu wa zamani aliyechaguliwa kidemokrasia, akaheshimu ukomo wa muda uliowekwa na katiba na kuondoka madarakani ndani ya miaka mitatu iliyopita. Fungu ni dola milioni 5, zinazolipwa kwa miaka 10. Joaquim Chissano wa Msumbiji alikuwa wa kwanza, mwaka 2007. Mwaka 2009 kamati ilisema hakuna mshindi, na 2010 vivyo hivyo, halafu tena 2012 na 2013.

Mimi naona uadilifu wa watu hawa hapo hasa. Fedha ipo tayari, waandishi wamekaa wanasubiri jina, na kamati inatoka mikono mitupu. Wangekuwa wanatafuta urafiki wa wakubwa, wasingekosa wa kumpa. Baada ya miaka mingine miwili mitupu, 2015 na 2016, ndipo Februari 2018 Salim alipomtangaza Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia kuwa mshindi wa 2017, wiki tatu tu tangu amkabidhi George Weah madaraka.