Taa za dashibodi za gari la haibridi zinazowaka na kupotea: yanayosemwa na ukweli wake

Taa ya onyo inayowaka leo na kesho haipo humtia mwenye gari gharama kuliko ile inayowaka na kukaa, kwa sababu inamshawishi abadilishe vipuri kwa kubahatisha. Kazi kubwa ya kuisaka inaweza kufanyika nyumbani, kwa multimita ya dijitali, skana ya OBD2 (mfumo wa gari wa kujichunguza hitilafu) inayofungua kompyuta zote za gari, tochi na daftari. Mpaka ni mmoja tu: waya na kava za rangi ya chungwa, zilizobeba umeme wa volti nyingi, haziguswi.

"Taa zimewaka nyingi kwa pamoja, basi betri kubwa imekufa"

Haibridi ina betri mbili: kubwa, inayosaidia kuendesha gari, na ndogo ya volti 12. Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na mara nyingi wa kushukiwa kwanza ni hiyo ndogo. Kwenye haibridi nyingi betri hiyo haizungushi injini. Kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga relei kubwa (swichi za umeme) zinazounganisha betri kubwa na inveta, kifaa kinacholisha mota ya gari. Kwa kuwa haibebi mzigo wa stata, inaweza kuchoka vibaya bila gari kukataa kuwaka, na hakuna ule mlio wa injini inayozunguka kwa uvivu kukutahadharisha.

Unapobonyeza kitufe cha kuwashia, kompyuta zinaamka kwa mpigo, pampu ya breki inavuta umeme mwingi, na volti zinaporomoka kwa muda mfupi sana. Kompyuta moja inajizima na kuanza upya. Nyingine inaiita, haipati jibu, inaandika msimbo (namba ya hitilafu inayosomwa kwa skana) wa mawasiliano unaoanza na herufi U. Taa za ABS, breki na udhibiti wa kuteleza zinawaka. READY, alama ya kwamba gari liko tayari kwenda, ikitokea, konveta ya DC-DC inaanza kutumia umeme wa betri kubwa kulisha mfumo wa volti 12, volti zinapanda, na taa zinaweza kupotea zenyewe. Ndiyo maana tatizo hili hupenda asubuhi, au gari likiwa limelala siku kadhaa.

Pima hivi. Acha gari lilale usiku kucha, ufunguo ukiwa mbali nalo. Kumbuka kufungua mlango kunaamsha kompyuta, kwa hiyo fungua unachohitaji kufungua mapema, sukuma ulimi wa loki ya mlango kwa bisibisi ili gari lidhani limefungwa, kisha subiri. Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki takriban nusu. Chini ya 12.0 imeisha, na vipimo vingine vyote vya gari havina maana mpaka ichajiwe. Halafu weka gari kwenye ON bila READY (umeme umewaka, lakini gari haliko tayari kwenda), washa taa kubwa na feni ya ndani, subiri dakika mbili. Betri iliyokuwa imechajiwa vizuri ikishuka haraka chini ya 11.5, imechoka. Mwisho washa READY: usomaji upande hadi kati ya 13.5 na 14.7. Usipopanda, mshukiwa si betri tena bali konveta, au fyuzi kubwa iliyo kwenye njia yake.

"Acha injini ingurume nusu saa, betri ndogo itajaa"

Haibridi nyingi hazina alternata. Betri ndogo huchajiwa na konveta kila gari linapokuwa READY, injini iwe inanguruma au imenyamaza. Kinachoimaliza ni kukaa kwenye ON au ACC mkisikiliza redio, maana hapo konveta haifanyi kazi.

Na betri mpya isiwe "yoyote inayoenea". Iliyofungwa ndani ya kabati, kwa mfano kwenye buti au chini ya siti, inatakiwa iwe na tundu la kutolea gesi na mpira unaopeleka gesi hiyo nje ya gari. Mara nyingi ni ya aina ya AGM (asidi yake imenyonywa na mkeka, haimwagiki), nayo huchajiwa kwa chaja yenye mpangilio wa AGM.

"Taa imezimika yenyewe, gari limepona"

Taa na msimbo ni vitu viwili. Kwa kanuni za OBD2, hitilafu nyingi hazioneshwi mara ya kwanza. Kompyuta huzihifadhi kama msimbo unaosubiri, na taa ya injini inawaka zikijirudia katika safari ya pili mfululizo. Taa huzimwa baada ya safari tatu mfululizo zisizo na hitilafu, lakini msimbo hubaki kwenye kumbukumbu hadi injini ipate moto na kupoa mara 40 bila tatizo kurudi. Kwa hiyo taa iliyozimika jana bado ina ushahidi ndani. Usome.

"Chomoa betri dakika kumi, kila kitu kitajiweka sawa"

Hapo unachoma ushahidi. Pamoja na msimbo, kompyuta huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa wakati taa inawaka: mwendo, joto, chaji ya betri kubwa, mzunguko wa injini. Kwa tatizo la kuja na kuondoka, picha hiyo ina thamani kuliko msimbo wenyewe. Andika au piga picha kila ukurasa kabla hujafuta chochote. Kwenye Toyota andika pia namba ndogo ya tarakimu tatu inayofuatana na msimbo wa mfumo wa haibridi, kwani ndiyo inayosema ni sehemu gani.

(Tukiwa hapo: magari yenye betri kwenye buti na loki ya umeme yana vituko vyake. Ukichomoa betri kisha ukafunga buti, huenda likakataa kufunguka kwa nje.)

"Skana imesema hakuna msimbo, kwa hiyo ni taa tu inasumbua"

Skana nyingi za bei ndogo husoma kompyuta ya injini peke yake. Hazifiki kwenye kompyuta ya betri kubwa, ya breki, wala ya mfumo wa haibridi. Tumia skana au programu ya simu iliyotengenezwa kwa ajili ya aina ya gari lako.

Kinyume chake pia hutokea. Unafungua kompyuta zote, unakuta misimbo saba, unaona gari limeoza. Mingi ni mwangwi. Kwenye Toyota, msimbo C1310 ulio kwenye kompyuta ya breki unasema tu kwamba kuna tatizo kwenye mfumo wa haibridi. Breki zenyewe hazina neno. Tafuta msimbo uliotangulia kuandikwa, na ule unaotaja kipuri au saketi kwa jina.

"Multimita imelia, waya ni mzima"

Dhana hii inawanasa hata mafundi. Multimita ikipima kwa mlio hupitisha umeme mdogo mno, na uzi mmoja wa shaba uliobaki kwenye waya uliokatika unatosha kuifanya ilie. Mzigo wa kweli ukija, uzi huo haufai kitu. Waya za ethi na mikondo mikubwa hupimwa kwa upotevu wa volti, umeme ukiwa unapita.

Weka gari ON, washa taa kubwa na feni. Multimita iwe kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iguse nguzo ya hasi ya betri yenyewe, ile risasi ya katikati. Ncha nyekundu iguse kibano kilichoishika nguzo hiyo: usomaji uwe karibu na sifuri. Ukikuta hata 0.1 hapo, kibano kimelegea au kina utando wa oksidi usioonekana kwa macho. Hamisha ncha nyekundu hadi boliti ya ethi kwenye bodi, kisha kwenye injini. Zaidi ya 0.1 inatia shaka, ikifika 0.2, fungua boliti, sugua chuma mpaka king'ae, kaza, pima tena. Hizi ni dakika chache ambazo zimewaepusha wengi kununua kompyuta isiyo na kosa.

Fyuzi nazo zisiamuliwe kwa macho. Gusa nukta mbili za chuma zilizo mgongoni mwake: pande zote zisome volti zilezile. Na ukitafuta kinachonyonya betri usiku, usianze kuchomoa fyuzi moja moja, maana kila ukiirudisha unaamsha kompyuta. Pima milivolti kati ya nukta hizo mbili baada ya gari kulala. Fyuzi yenye usomaji ndiyo inayopitisha umeme. Gari lililolala kabisa kwa kawaida huvuta chini ya miliampea 50.

"Nyunyizia dawa ya kutoa kutu kwenye kila plagi"

Mafuta ya kupenya huacha utando unaovuta vumbi. Tumia dawa ya kusafishia viungo vya umeme, betri ikiwa imechomolewa, na acha pakauke. Kabla ya hapo tafuta plagi yenyewe: fungua data hai (namba za sensa za papo hapo) kwenye skana, kisha tikisa waya taratibu, sehemu moja kwa wakati, msaidizi akiangalia namba. Vuta kila waya kidogo mahali unapoingia kwenye plagi. Pini iliyoachia hurudi nyuma. Angalia pia kijani cha kutu na meno ya panya. Usichome ganda la waya kwa sindano ya kupimia, maana maji yataingia palepale na utakuwa umejitengenezea hitilafu ya mwakani.

Taa za ABS na kuteleza zikija kwenye kona au barabara ya mashimo, fungua mwendo wa magurudumu manne kwenye skana na utembee polepole, mtu mwingine akisoma. Gurudumu moja likisoma sifuri wakati mengine bado yanasoma, shida iko kwenye sensa, waya wake, au beringi ya hapo.

"P0A80 maana yake nunua betri kubwa"

Msimbo huu, unaotaka betri kubwa ibadilishwe, ni mzito, lakini usinunue kabla ya kuangalia data. Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina moduli 28 za volti 7.2, jumla volti 201.6, na kompyuta inazitazama kwa makundi 14. Fuatilia makundi hayo ukiongeza kasi na ukipunguza. Kundi moja likianguka kwa volti 1 au zaidi kuliko wenzake kila unapokanyaga, huenda seli imekufa, kwani seli moja ni volti 1.2. Kundi likirukaruka bila kufuata mguu wako, yaweza kuwa kutu kwenye vibao vya shaba au waya za kupimia volti. Vyote viwili viko ndani ya betri, hivyo ni kazi ya fundi wa haibridi.

La kwako ni hewa. Kwenye gari hilo tundu la kuvutia hewa ya kupozea betri liko pembeni mwa siti ya nyuma. Mizigo, nywele za mbwa na vumbi huliziba, betri inapata joto, na taa inakuja siku za jua kali. Safisha kwa kifaa cha kuvuta vumbi.

"Inawaka mvua ikinyesha tu, ikikauka itaisha"

Ikiandamana na P0AA6, umeme wa betri kubwa unavujia kwenye bodi. Kikawaida mfumo huo umetengwa kabisa na chuma cha gari. Usipime nyumbani. Chunguza tu kama taa hufuata kiyoyozi: kompresa za umeme zinahitaji mafuta maalumu yasiyopitisha umeme, kama ND-11, na fundi akijaza mafuta ya PAG ya magari ya kawaida, kinga hiyo inaharibika. Mweleze fundi kama gesi iliwahi kujazwa.

"Gari limezimwa, waya za chungwa hazina umeme"

Kapasita za inveta hubaki na chaji hata baada ya plagi ya usalama kuondolewa. Watengenezaji hutaka kusubiri hadi dakika 10, na kupima kwa glavu za volti 1000. Betri kubwa yenyewe haizimwi kamwe: ndani yake umeme upo muda wote.

"Wiki nzima bila taa, nimeirekebisha"

Inategemea umeliendeshaje. Kama picha ya hitilafu ilionesha foleni, joto kali na chaji ya asilimia 45, wiki ya barabara kuu asubuhi haijathibitisha kitu. Rudia hali ileile, kisha soma misimbo inayosubiri hata kama dashibodi iko safi.