Hadhira ya milioni 2, waliofikiwa 25,000: namba zinapotofautiana

Mtu anaandaa tangazo la mtandaoni, anachagua umri, eneo na mambo wanayopenda walengwa, kisha anaoneshwa kwamba hadhira yake ni watu milioni 2. Kampeni inakwisha, ripoti inasema waliofikiwa ni 25,000. Wengi huamini wamedhulumiwa. Kabla ya kulalamika, tazama kila namba inahesabu nini.

Makadirio ya hadhira huhesabu akaunti zinazotimiza vigezo vyako. Akaunti si mtu. Mmoja anaweza kuwa nazo mbili, mwingine alidanganya umri siku ya kujisajili, na msafiri anaweza kuhesabiwa mahali alipopita tu. Mwaka 2017 mchambuzi Brian Wieser alibaini kwamba Facebook iliwaambia watangazaji inaweza kuwafikia vijana milioni 41 wa miaka 18 hadi 24 nchini Marekani, ilhali takwimu za sensa zilionesha vijana wa umri huo ni kama milioni 31. Kampuni ilijibu kuwa makadirio yake hayakukusudiwa kulingana na sensa. Jibu hilo linapaswa kukumbukwa na kila anayelipia tangazo.

Lakini hata kama akaunti zote zingekuwa za watu halisi, bado bajeti ndiyo inayoamua. Tuseme fedha zako zinatosha tangazo kuoneshwa mara 100,000, na kila mtu akaliona mara 4 kwa wastani. Umefikia watu 25,000, basi, hata hadhira ingekuwa milioni 10. Nafasi za matangazo nazo hunadiwa: washindani wakipandisha dau, fedha ileile hununua nafasi chache zaidi. Na mfumo hauwagawii watu tangazo kwa usawa. Huwarudia wale unaodhani watabofya.

Mauzo ni hesabu nyingine kabisa. Tangu Aprili 2021, Apple inazitaka programu za simu zake za iPhone ziombe ruhusa kabla ya kufuatilia shughuli za mtumiaji kwenye programu na tovuti za kampuni nyingine. Anayekataa akinunua, huenda ununuzi wake usionekane kwenye ripoti, au ukaingizwa kwa kukisia.

Nakushauri utumie makadirio kupima kama vigezo vyako vimebana au vimelegea mno. Ukitaka kujua utafikia wangapi, chukua idadi ya maonesho ambayo bajeti yako inaweza kununua, uigawe kwa mara unazotaka kila mtu alione tangazo. Fanya hesabu hiyo kabla ya kulipa.