Mpwapwa ina mizani tatu

Nimekutana nayo tena, ile kanuni ya kupata mizani (idadi ya silabi) kwa kuhesabu irabu, safari hii pembeni mwa shairi la mahafali: "irabu nane, mizani sawa." Haya, hesabu irabu za Mpwapwa, mji wa hapa Dodoma. Mbili. Sasa litamke jina kama linavyotamkwa stendi: m-pwa-pwa. Tatu. Kanuni imefia hapahapa, hata mkoani hatujatoka.

Mambo ya beti na mishororo nayapita haraka. Tarbia ya kawaida ina mishororo minne ya mizani 16, yaani ukwapi (nusu ya kwanza) 8 na utao (nusu ya pili) 8. Utenzi huenda na mizani 8 bila kukatwa katikati. Anayedai 16 ni amri aangalie msuko, ambao kituo chake, yaani mshororo wa mwisho, hufupishwa makusudi. Kina nacho ni silabi nzima, si irabu ya mwisho: "zabibu" na "kitabu" vinaoana, "zabibu" na "mtu" hapana. "-mba" na "-ba"? Wapo wanaoziozesha. Mimi sifungishi ndoa hiyo.

Mizani ndiyo inayoniudhi. Kanuni ya irabu inadanganya vizuri kwa sababu silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo mara nyingi jibu linatoka sahihi. Kasoro inaletwa na m na n, maana mara husimama peke yake, mara huegemea konsonanti inayofuata. Angalia:

Nyumba mbaya haiuzwi
Mtu mbaya hafai

Ya kwanza: nyu-mba-mba-ya-ha-i-u-zwi, mizani 8. Ya pili: m-tu-m-ba-ya-ha-fa-i, nazo 8. Mhesabu irabu anaiona ya pili ina 6, anaongeza maneno mawili, anaiharibu. Na "mbaya" ni lile lile kwa maandishi! Kwa nyumba ni mizani 2, kwa mtu ni 3, kwa kuwa m ya mtu ni kiambishi cha ngeli. Ndivyo ilivyo hata "mbuni": ndege ni mbu-ni, mti wa kahawa ni m-bu-ni. Peleka neno kwenye wingi. Mti unakuwa mibuni, m imejitenga, ihesabu. Ndege anabaki mbuni, iache.

Katikati ya kitenzi ndiko wengi wanakoangukia, hasa washairi wa mapenzi. "Nampenda" ni na-m-pe-nda, mizani 4, kwa sababu m ya mtendwa haimezwi. "Hamjambo" nayo ni 4.

Kipimo cha wingi kina mwisho wake. "Mbwa" wingi wake ni mbwa, lakini ni m-bwa, mizani 2, sawa na nchi, nge, nta, mbu na nne. Neno fupi namna hiyo linahitaji mahali pa kuweka mkazo, na mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, basi m au n inaubeba. Lakini ukisema "nchini", mkazo umehamia kwenye chi. Je, n bado ni mizani? Wataalamu hawajapatana, nami huamua kwa kulighani shairi lote, jambo ambalo najua si kanuni. "Labda" na "Alhamisi" zina ugomvi huohuo: b na l zisimame au zisisimame? Washairi wengi hukwepa kwa mazida, yaani kurefusha neno, wakaandika "labuda" na "Alihamisi". Kwepa nawe.

Turudi kwenye mahafali. "Mwalimu mkuu mpendwa" ina irabu 7, kwa hiyo mtoto ameambiwa aongeze "na" mbele. Wakati mstari ulishakuwa na mizani 9 (mwa-li-mu-m-ku-u-m-pe-ndwa), na sasa ni 10. Msomaji atakimbia kuwahi pumzi, hadhira itadhani amesahau. Andika "Mwalimu wetu mpendwa", 8, kazi imeisha.

Na msiniambie arudhi, kanuni hizi za ushairi, ni ya watu wa pwani, sisi wa bara tukadirie tu. Mathias Mnyampala, aliyeipa ngonjera (shairi la majibizano) umaarufu, alikuwa Mgogo wa hapahapa Dodoma, alizaliwa 1917.

Kabla ya kukabidhi shairi, gonga meza kwa kila silabi huku ukitamka polepole, ukwapi kwanza, halafu utao. Kidole kikigonga mara 8 kote, acha. Kikizidi, tafuta m kwanza.