Besi ile si gitaa

Hapa Bombo niliweka rekodi ya Dirty Dozen Brass Band, kundi la muziki la New Orleans, Marekani, lililoanza mwaka 1977. Jirani akasikiliza kidogo, akatoa hukumu: besi, ile sauti nzito ya chini, ni gitaa, na juu yake kila mtu anapuliza lake.

Gitaa halimo. Besi hiyo ni susafoni, ala kubwa ya shaba inayomzunguka mpulizaji mwilini, kinywa chake kipana kikichungulia juu ya kichwa. Tega sikio: kabla ya mlio kuna pumzi. Kirk Joseph, aliyeipuliza katika kundi hilo, aliifanya irukeruke kwa wepesi kama nyuzi, ndiyo maana masikio hudanganyika.

Na hilo la "kila mtu lake" nalo si kweli. Ngoma zimegawanywa: mmoja ana ngoma kubwa, mwingine ile ndogo inayokwaruza. Juu yao tarumbeta hushika wimbo, tromboni huteleza chini yake, saksafoni huziba mianya. Wanabuni papo hapo, ila kila mmoja anajua nafasi yake.

Nilimwambia jirani afuate susafoni peke yake. Mguu ukaanza kugonga sakafu.