Ikivuja, Usikimbilie Tepu

Juzi nimeletewa maka ya peintiboli, yaani bunduki ya mchezo inayorusha vidonge vya rangi kwa hewa ya mtungi, ikiwa na ufa mwilini, pale pale fitingi (kiungo cha kuunganishia) ya hewa inapoingia. Nilipoifungua fitingi, tepu ya tefloni, ile nyeupe ya mafundi bomba, ilitoka kama bandeji ya kidonda. Nikahesabu mizunguko 14. Mwenyewe akanieleza, kwa nia njema kabisa, kwamba ilikuwa inavuja, akaongeza tepu, ikavuja tena, akaongeza nyingine, akakaza kwa spana ndefu mpaka aliposikia mlio. Maneno ni yale yale ninayoyasikia kila mara: ikivuja, ongeza tepu. Ule mwili hautengenezeki tena. Nimechoka kuona vitu vizuri vikifa hivi, kwa hiyo leo naandika yote.

Kabla hujauliza tepu au gundi, jiulize hewa inazuiwa wapi. Kwenye maka kuna tredi (meno ya kukazia kama ya skrubu) zilizonyooka na kuna tredi za koni, na kazi zake hazifanani hata kidogo.

Tredi iliyonyooka, kama ile ya shingo ya mtungi au zile ndogo za saizi ya 10-32 kwenye hosi za presha ya chini, kazi yake ni kushika tu. Kinachozuia hewa ni oringi (pete ya mpira) au washa. Ukizungushia tepu hapo, unaizuia fitingi isikae vizuri mahali pake, oringi haibanwi inavyotakiwa, na uvujaji unazidi. Mtungi ukipuliza shingoni, badilisha oringi. Basi.

Tredi ya koni ndiyo yenye maneno mengi. Kwenye maka nyingi ni 1/8 NPT, kipimo cha Kimarekani cha tredi za koni: meno 27 kwa inchi, pembe ya jino digrii 60, na mteremko wa 1 kwa 16, yaani kila ukienda milimita 16 kipenyo kinaongezeka milimita 1. Ukikaza, koni ya kiume inabana ndani ya koni ya kike, chuma kwa chuma. Lakini hata ikibana sana, kati ya ncha ya jino moja na bonde la jino linalolipokea hubaki mwanya mwembamba, na mwanya huo unazunguka pamoja na tredi kutoka ndani hadi nje kama ngazi ya mnara. Mitungi mingi ya hewa hutoa karibu psi 800 (pauni 800 kwa kila inchi ya mraba). Presha ya namna hiyo haishindwi kupanda ngazi. Tepu au gundi ina kazi moja tu: kuijaza ngazi hiyo. Kubana ni kazi ya koni. Tepu haibani kitu.

Tena tepu ya tefloni ni kilainishi kikubwa. Fitingi iliyofungwa tepu nene inateleza kuingia, na mkono unakudanganya kwamba bado haijafika. Unaongeza robo mzunguko, kisha robo nyingine. Koni ni kabari, na kabari ukiisukuma kwenye ukuta mwembamba wa alumini, ukuta unafunguka. Fitingi ni chuma, mwili ni alumini. Anayepasuka anajulikana mapema.

Halafu kuna vipande vinavyokatika. Ukikaza, ukingo wa tredi unakata tepu kama mkasi, na ukifungua na kufunga tena bila kusafisha, nyuzi nyeupe zinasafiri na hewa. Zikifika kwenye kiti cha regulata, kifaa kinachopunguza presha, kinashindwa kuziba sawasawa, na presha inapanda polepole baada ya kila risasi. Zikifika kwenye valvu ya solenoidi, ile inayofunguliwa kwa umeme, utaibadilisha valvu nzima ukidhani imekufa yenyewe. Nimeshatoa nyuzi za namna hiyo ndani ya regulata ambazo wenyewe waliapa kwamba hazijawahi kuguswa. Kama huna budi kutumia tepu, safisha tredi zote mbili, zungusha mara mbili au tatu kufuata upande wa kukazia, na uache meno mawili ya mbele wazi.

Mimi natumia gundi ya tredi, na hapo ndipo kosa la pili linaponichosha zaidi. Mtu akisikia "achana na tepu", anadondosha gundi, anakaza, anasubiri dakika kumi, anafunga mtungi. Gundi hizi hazikauki kwa hewa kama rangi. Ni kinyume chake: zinaganda zikikosa oksijeni, na zikiwa zimegusa metali. Ndiyo maana chupa yake huuzwa haijajaa; ile hewa iliyomo ndiyo inayoizuia isigande humo humo. Sasa alumini yenye anodaizi (tabaka gumu la kinga juu yake) na chuma cha pua haviichochei haraka kama shaba nyeupe au chuma cha kawaida. Ukiruhusu psi 800 kupita kwenye gundi mbichi, hewa inachimba kijia, gundi inaganda pembeni ya kijia hicho, na umejitengenezea uvujaji wa kudumu. Ngoja saa 24. Najua mechi ni kesho asubuhi. Ngoja.

Grisi na mafuta pia huiharibu, kwa hiyo piga brashi na spiriti mpaka kitambaa kitoke safi. Tone moja linatosha, kuanzia jino la pili au la tatu, lisiende mbele. Ukimimina, linaingia kwenye njia ya hewa au kwenye mdomo wa fitingi ya kuchomeka hosi, na hapo hosi haitachomoka tena. Usiipake karibu na plastiki ya polikaboneti, maana inaweza kuipasua. Na usichanganye gundi na tepu. Tepu inaitenga gundi na metali inayoihitaji, na unabaki na uji.

Tumia gundi ya bluu, si nyekundu. Nyekundu huhitaji moto wa karibu nyuzijoto 250 ili ilegee. Kabla haijalegea, oringi za jirani zimeshaungua na rangi ya anodaizi imebadilika. Moto usiukaribie mtungi kwa hali yoyote.

Kuna jambo ambalo vitabu havilisemi wazi. Gundi ya bluu imetengenezwa kushika nati isilegee. Kuziba hewa si kazi yake ya kwanza. Inafanya kazi kwa sababu tredi nzuri ina mwanya mdogo. Tundu likishachakaa kwa kufunguliwa mara nyingi, ya bluu imewahi kuniangusha, na nikahamia gundi ya kuzibia mabomba, yenye chembe za kujazia ndani yake. Vilevile kanuni ya "kaza kwa mkono, kisha mzunguko mmoja na nusu" ilitoka kwenye mabomba ya chuma. Kwenye alumini nyembamba mimi nasimama mapema zaidi, na siwezi kukupa namba. Mkono ndio unaoniambia, na mkono huo umenikosea mara mbili. Kwa hiyo fitingi ikivuja kidogo baada ya kukazwa vya kutosha, naifungua, naisafisha, naanza upya. Sikazi zaidi.

Kagua pia kama ni tredi sahihi. Fitingi ya 1/8 ya kipimo cha Kiingereza ina meno 28 kwa inchi na pembe ya digrii 55, na unene wake ni kama milimita 9.7 badala ya 10.3. Inaingia, inacheza, inadanganya, na hakuna gundi itakayoikomboa.

Kazi yote hii hufanywa mtungi ukiwa umetolewa na hewa iliyobaki imepigwa ikaisha. Ukisharudisha mtungi, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, utazame kwa dakika nzima, maana uvujaji mdogo huchelewa kutoa povu. Povu likitokea kwenye fitingi, unajua la kufanya. Likitokea kwenye valvu ya mtungi au kwenye kile kifuniko kidogo cha usalama kilicho ubavuni mwake, usiguse spana. Acha mtungi utoe hewa yake, kisha upeleke kwa watu walioidhinishwa kuihudumia mitungi.