Prosija ya Kanzidata: Jina Lake na Usajili Wake

Chukua duka la jumla la vitenge Kariakoo. Mzigo ukiuzwa, stoo lazima ipungue, mauzo yaandikwe, na kama mteja kachukua kwa mkopo, deni lake liongezeke. Amri hizo zikiandikwa mara moja, zikapewa jina na kutunzwa ndani ya kanzidata yenyewe (hifadhi ya data ya duka kwenye kompyuta), hiyo ndiyo prosija. Kompyuta ya kaunta, simu ya mwenye duka na programu ya mhasibu zote huita jina hilo hilo, kwa hiyo kanuni ya hesabu inakuwa moja.

Kuisajili hakuhitaji hatua ya pembeni. Ukiendesha amri ya kuunda, CREATE PROCEDURE, seva inayoendesha kanzidata hukagua sarufi, kisha huandika jina, vigezo (thamani ambazo prosija hupewa inapoitwa, kama bidhaa na idadi) na matini ya prosija kwenye kumbukumbu zake za mfumo. Kuona kilichosajiliwa, kila programu ya kanzidata ina orodha yake: kwenye MySQL soma information_schema.ROUTINES, kwenye SQL Server sys.procedures, kwenye PostgreSQL pg_proc. Lakini kusajiliwa si kuthibitishwa: SQL Server hupokea hata prosija inayotaja jedwali ambalo halijaundwa, na kosa huibuka siku inapoitwa.

Kwenye majina ndiko watu wengi huumia. PostgreSQL, iliyoanza kuwa na prosija katika toleo la 11 mwaka 2018, huitambua kwa jina pamoja na aina za vigezo vinavyoingia, kama mtaa wenye akina Juma wawili unavyowatenganisha kwa jina la baba. Ukiongeza kigezo kimoja na kuendesha CREATE OR REPLACE, yaani unda au badilisha iliyopo, ile ya zamani haiguswi. Sasa unazo mbili. Kaunta iliyosasishwa inaita mpya, iliyosahaulika inaita ya zamani, na wiki ikiisha stoo haioani na daftari. Ifute ya zamani kwa kutaja vigezo vyake.

SQL Server ina mtego wake. Jina linaloanza na sp_ hutafutwa kwanza miongoni mwa prosija za mfumo, na Microsoft wenyewe wanashauri tusilitumie. Hata sp_rename, prosija ya mfumo ya kubadilisha majina, usiitegemee hapa: hubadilisha jina, lakini matini iliyotunzwa hubaki na lile la zamani.

Mimi naanza na kitenzi: uza_bidhaa, pokea_mzigo, funga_siku. Kiswahili au Kiingereza, timu ichague kimoja. Mstari wa chini kati ya maneno una sababu: bila alama za nukuu, PostgreSQL hugeuza UzaBidhaa kuwa uzabidhaa, na Oracle, programu nyingine ya kanzidata, huifanya UZABIDHAA.

Ukirekebisha prosija kwenye SQL Server, tumia ALTER, amri ya kurekebisha iliyopo, au CREATE OR ALTER kuanzia toleo la 2016 SP1. Ukiifuta na kuiunda upya, ruhusa ulizowapa watumiaji hupotea, na kaunta itakataliwa asubuhi wateja wakiwa wamepanga foleni.