Ngumi na afya: yanayoaminiwa gimu na yanayotokea mwilini

Dhana: "Hakuzimia, kwa hiyo ubongo wake uko salama."

Katika kila mitikisiko kumi ya ubongo, takriban tisa hutokea bila mtu kupoteza fahamu. Ubongo umekaa ndani ya majimaji. Konde la pembeni likitua kwenye taya, fuvu hugeuka ghafla, ubongo huchelewa kulifuata na nyuzi zake huvutika. Ndiyo maana konde la taya huangusha watu ambao lile la kipaji cha uso haliwatikisi.

Kocha asingoje mtu aanguke. Bondia anayeelekea kona isiyo yake, anayeuliza ni raundi ya ngapi, anayekawia kujibu swali rahisi au anayepepesuka baada ya kengele, huyo amekwisha kwa siku hiyo. Dalili moja inatosha.

Hesabu za nokauti nazo hudanganya. Mwaka 1969 Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha Uingereza kilitoa matokeo ya uchunguzi wa mabondia wa zamani wa kulipwa. Waliopimwa walikuwa 224, na 37 kati yao, yaani asilimia 17, walikutwa na madhara ya mfumo wa neva yaliyotokana na ngumi. Walioathirika zaidi ni wale waliokaa ulingoni miaka mingi na kupigana mara nyingi. Sasa jiulize ni daftari gani, katika gimu za Katanga au Naguru jijini Kampala, linaloandika makonde ya kichwa ya sparingi (mazoezi ya kupigana na mwenzako) ya kila jioni. Hakuna refa pale, wala daktari.

Dhana: "Ukivaa kinga ya kichwa, ubongo umefunikwa."

Kinga hupunguza kuchanika nyusi na kuvimba masikio. Haizuii kichwa kugeuka, na kugeuka ndiko kunakoumiza ubongo. Shirikisho la ngumi za ridhaa la dunia liliiondoa kwa wanaume wakubwa mwaka 2013, na kwenye Olimpiki ya Rio 2016 walipigana bila hiyo. Mazoezini ivae, lakini usiifanye ruhusa ya kupigana kwa nguvu zote. Kinga ya meno nayo ni ya meno na midomo, basi.

Dhana: "Kilo tatu zinatoka kwa siku moja ukikimbia na kaveera (mfuko wa plastiki) mwilini."

Zinatoka kweli, ila ni maji. Mafuta yako palepale.

Kuhusu hili upo uchunguzi wa serikali ambao kila kocha angepaswa kuujua. Kati ya Novemba 7 na Desemba 9, 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu vya Marekani walikufa, mmoja North Carolina, mmoja Wisconsin na mmoja Michigan. CDC, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, kilifuatilia na kukuta mtindo uleule: kujinyima chakula na maji, kuvaa nguo zisizopitisha mvuke, kisha kufanya mazoezi makali kwenye joto. Jasho lisipokauka halipozi mwili. Damu hupungua, moyo hukimbia, joto hupanda hadi viungo vinashindwa. Mwaka 1998 wasimamizi wa michezo ya vyuo walipiga marufuku sauna, nguo za mpira na vidonge vya kukojoza kwa ajili ya kushusha uzito, wakasogeza upimaji karibu na muda wa kupigana ili hila hiyo isilipe. Kiwango kilichowekwa ni kutopoteza zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito kwa wiki. Bondia wa kilo 60 hapaswi kuzidi gramu 900.

Kwa hiyo uzito uanze kushushwa wiki sita kabla, si usiku wa kuamkia mizani. Jipime asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya chai. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, mwili unadai maji.

Dhana: "Aliyepigwa kichwani asilale", au "mpe diklofenaki (dawa ya maumivu) na waragi (pombe kali) kidogo."

Kulala si sumu. Kinachoua ni damu inayovuja polepole kati ya ubongo na fuvu baada ya mishipa midogo kukatika. Mtu anaweza kuongea na kutania, kisha akabadilika saa kadhaa baadaye. Kwa saa 24 asiachwe peke yake. Maumivu ya kichwa yanayoongezeka, kutapika mara kwa mara, usingizi mzito asioamshika, mboni moja kubwa kuliko nyingine, degedege au upande mmoja kulegea: huyo apelekwe hospitali yenye CT (mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa) na daktari wa upasuaji wa ubongo, kwa Kampala ni kama Mulago. Asipakiwe kwenye boda boda, maana shingo nayo huenda imeumia. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huweza kuzidisha kuvuja damu, mpe parasetamo. Pombe isiguswe.

Waandaaji nao wasikilize: gari la wagonjwa likiondoka na bondia, pambano linalofuata lisubiri.

Dhana: "CT ni safi, Jumatatu narudi gimu."

CT huonyesha damu na mifupa iliyovunjika. Mtikisiko wenyewe hauonekani. Pumzika siku moja au mbili, kisha tembea, kimbia, piga kivuli (ngumi za hewani), piga mfuko, kila hatua ikichukua angalau saa 24. Dalili zikirudi, shuka hatua moja. Sparingi ni ya mwisho kabisa, baada ya daktari kuruhusu. Aliyepigwa nokauti ya kichwa akae nje siku zisizopungua 30.

Dhana: "Kwenye damu, cha kuogopa ni UKIMWI tu."

Virusi vya homa ya ini B huambukiza kwa urahisi zaidi, na huishi kwenye damu iliyokauka kwa angalau siku saba. Uganda ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo wapime kwanza, kisha wapate dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita baada ya ile ya kwanza. Damu ikidondoka ulingoni, vaa glavu za mpira, ifute kwa karatasi, kisha mwaga klorini: kipimo kimoja cha ile ya asilimia 3.5 kwa vipimo sita vya maji. Iache dakika kumi kabla ya kufuta. Usiimwage kwenye glavu za ngozi, itazipasua.